Ruby inakataa konstanti na iko hapo tu: kutafuta shida kwenye moduli zilizo ndani ya zingine

`uninitialized constant Sacco::Tiketi::Risiti::NAULI_MSINGI (NameError)`

Umeisoma hiyo erori ya Ruby, umefungua faili, konstanti yako NAULI_MSINGI (jina la kudumu la thamani, huanza na herufi kubwa) iko hapo juu kwenye Sacco, hujakosea herufi, faili imeload, na bado Ruby inasema haiijui. Mara nyingi konstanti yenyewe haina makosa, shida ni penye umesimama ukiiita. Ruby haisomi jina la klasi yako ndio ijue pa kutafuta, inaangalia ni `module` na `class` gani zimeandikwa kuzunguka ule mstari, moja moja venye zimefunguliwa, na karibu kila kituko nitapitia hapa kinatoka hapo.

Mifano yote ni ya mfumo wa sacco ya matatu, nauli, viti, risiti, juu hiyo biashara kila mtu Nairobi anaielewa. Ruby ni 3 kwenda juu, penye ya zamani ilikuwa tofauti nitataja.

Kwanza ujue inatafuta venye. Ukiishiwa na chumvi unaomba kwa plot kabla upigie watu wa ushago, na Ruby ni hivyo hivyo. Inaanza na klasi penye mstari wako uko, halafu moduli iliyoizunguka, halafu iliyozunguka hiyo, kutoka ndani kwenda nje, hiyo ndio plot. Ikikosa huko kote inarudi kwa ile klasi ya ndani kabisa na kupanda ukoo wake, yaani moduli ilizo-`include`, klasi mzazi, mpaka Object, hiyo sasa ndio ushago. Ikikosa tena inaita `const_missing` na hapo ndio NameError inakuja. Watu husahau vitu viwili: plot inakuja kabla ya ushago, na ushago inayotembelewa ni yako pekee, ya landlord haikuhusu. Object nayo haihesabiwi kama sehemu ya plot, hata kama kila kitu kiko ndani yake, inafikiwa mwisho kabisa.

Vifaa vya kupimia ni vitatu na viko ndani ya Ruby tayari. `Module.nesting` inakuonyesha plot. `ancestors` ya klasi inakuonyesha ushago. `const_source_location`, iliyokuja na Ruby 2.7, inakuambia konstanti fulani iliandikwa faili gani mstari wa ngapi. Lakini `Module.nesting` lazima uiweke palepale juu ya mstari unaosumbua, ukiiandika kwa irb mpya (konsoli ya kujaribia Ruby) utapata mabano matupu `[]` na haitakuambia chochote. Kama hutaki kutapakaza `p` ya kuchapisha kila mahali weka `binding.irb` hapo kwa mstari, ikisimama uliza `Module.nesting` ukiwa ndani.

NameError, na konstanti iko kwa moduli ya nje

Hii ndio ya kila siku. Faili moja iko hivi:

```ruby
module Sacco
  NAULI_MSINGI = 50

  module Tiketi
  end
end
```

na nyingine hivi:

```ruby
class Sacco::Tiketi::Risiti
  def jumla(watu)
    NAULI_MSINGI * watu
  end
end
```

Ukiweka `p Module.nesting` ndani ya `jumla` unapata `[Sacco::Tiketi::Risiti]`. Kitu moja tu. Jina ni refu na lina nukta mbili mbili kila mahali, lakini mlango uliofunguliwa ni mmoja, kwa hivyo Sacco na Tiketi haziko kwa plot na hakuna mtu ataziuliza. Sasa iandike hivi:

```ruby
module Sacco
  module Tiketi
    class Risiti
      def jumla(watu)
        NAULI_MSINGI * watu
      end
    end
  end
end
```

na `Module.nesting` inakuwa `[Sacco::Tiketi::Risiti, Sacco::Tiketi, Sacco]`, erori imeenda. Klasi ni ileile, jina ni lilelile, `Sacco::Tiketi::Risiti.name` haijabadilika hata herufi.

Kuna ile ya katikati pia, na hiyo ndio hupoteza watu muda zaidi juu inafanya kazi nusu:

```ruby
module Sacco
  class Tiketi::Risiti
  end
end
```

Hapa plot ni `[Sacco::Tiketi::Risiti, Sacco]`. Konstanti za Sacco zinaonekana, za Tiketi hazionekani, na mtu anakaa hapo akijiuliza mbona moja inapatikana na ya jirani haipatikani.

Sasa kuhusu kusoma ile erori. Hiyo sehemu ya mbele, `Sacco::Tiketi::Risiti::`, haimaanishi kwamba konstanti inatakiwa kukaa hapo. Inakuambia Ruby ilianzia wapi kutafuta, basi. Wengi wanaiona na kwenda kuandika `NAULI_MSINGI = 50` ndani ya Risiti, erori inaisha, kila mtu anafurahi, halafu mafuta yapande bei, sacco iongeze nauli, ubadilishe ya juu na risiti ziendelee kutoa 50. Kwa maoni yangu hiyo tiba ni mbaya kuliko ugonjwa. Kama hutaki kupanga upya faili nzima andika tu `Sacco::NAULI_MSINGI` kwa urefu wake, iko wazi na mtu akihamisha klasi kesho haitavunjika. Na kama erori haina kitu mbele kabisa, ni `uninitialized constant NAULI_MSINGI` basi, jua kwamba Ruby ilikuwa imesimama nje kabisa, na hiyo mara nyingi ni mambo ya bloku, nitafika huko.

Kama mnatumia RuboCop, ile programu ya kukagua staili ya msimbo, sheria inaitwa `Style/ClassAndModuleChildren` ndio hulalamikia hizi staili, na kubadilisha kwake kwa otomatiki kumewekwa alama ya si salama. Iko na sababu. Ukipitisha `rubocop -A` kwa mradi mzima unabadilisha plot ya kila klasi kwa dakika moja, na kuna mistari itaanza kupata konstanti tofauti na ile ilikuwa inapata jana. Tumia `-a` ndogo kwanza, hiyo haigusi mabadiliko yasiyo salama.

Hakuna erori, lakini thamani si yenyewe

Hii ni mbaya zaidi, juu hakuna kitu kinapiga kelele.

```ruby
class Gari
  VITI = 14
end

module Sacco
  VITI = 33

  class Nissan < Gari
    def viti
      VITI
    end
  end
end

Sacco::Nissan.new.viti   # 33
Sacco::Nissan::VITI      # 14
```

Angalia hizo mistari mbili za mwisho vizuri. Nissan ya watu 14 imepata viti 33, na mzazi wake anasema waziwazi ni 14. Ndani ya methodi Ruby imepita plot kwanza: Nissan yenyewe haina VITI yake mwenyewe, ya mzazi haihesabiwi katika hatua hii, ikatoka nje kwa Sacco ikapata 33 na ikasimama hapo. Ushago haikufikiwa. Lakini ukiandika `Sacco::Nissan::VITI` kutoka nje, hizo nukta mbili zinamaanisha usiangalie plot, angalia ndani ya Nissan na ukoo wake, kwa hivyo unapata 14.

Ndio maana mtu anaingia konsoli, anaandika jina lote, anapata 14, anaapa kwa mama yake kwamba msimbo uko sawa, na ripoti ya jioni bado inahesabu abiria 33. Dalili ya kushika ni hiyo: konsoli na methodi zinatoa majibu mawili tofauti kwa konstanti ya jina moja. Ukiona hivyo usitafute mahali pengine, fanya `Sacco.const_source_location(:VITI)` na `Gari.const_source_location(:VITI)`, utaona ziko mbili. Tiba ni kubadilisha jina la moja, ile ya sacco iitwe VITI_BASI au kitu kama hicho. Unaweza pia kuandika `self.class::VITI` ndani ya methodi, inafanya kazi, lakini majina mawili yanayofanana kwa mzazi na kwa plot yatakusumbua tena tu.

Ndugu yake ni ile ya mtoto kubadilisha na mzazi kutosikia. Umeandika `def viti; VITI; end` ndani ya Gari, halafu klasi ya mtoto imeweka `VITI = 51`, na mtoto bado anajibu 14. Methodi iliandikwa ndani ya Gari, plot yake ni ya Gari, na haijali nani ameiita. Hapo ndio `self.class::VITI` inafaa kabisa, na kama ni methodi ya klasi yenyewe basi `self::VITI`. Moduli unayo-`include` iko na tabia hiyohiyo: methodi iliyo ndani yake haioni konstanti za klasi iliyoichukua, inaona za mahali iliandikwa, na dawa ni hiyohiyo.

Sacco iko na moduli imeichukua, lakini klasi za ndani hazioni

```ruby
module Bei
  ASUBUHI = 100
end

module Sacco
  include Bei

  class Stendi
    def bei
      ASUBUHI
    end
  end
end
```

`Sacco::ASUBUHI` inatoa 100 bila shida. `Sacco::Stendi.new.bei` inatoa NameError. Mtu anaangalia `Module.nesting`, anaona `[Sacco::Stendi, Sacco]`, Sacco iko kwa orodha, sasa mbona? Ni ile ya ushago ya landlord. Kwa kila moduli ya nje Ruby inaangalia tu vitu vilivyoandikwa ndani yake moja kwa moja, haipandi ukoo wake. Ukoo unaopandwa ni wa Stendi peke yake, na Stendi haijachukua Bei. Ama u-`include` Bei ndani ya Stendi, ama uandike `Bei::ASUBUHI`. Mimi naandika `Bei::ASUBUHI`, juu ku-`include` moduli ili tu upate konstanti kunajaza ukoo bure.

Jina lako limefunika la Ruby

Msee ameandika `Sacco::Queue`, foleni ya matatu pale stendi, jina zuri tu. Wiki kadhaa baadaye mwingine ndani ya Sacco anaandika kazi za nyuma na thread (kazi zinazoenda sambamba), anaita `Queue.new` akitaka ile ya Ruby, halafu anapata erori ya `undefined method` kwa `pop` na jina `Sacco::Queue` limetajwa hapo mwisho wa sentensi. Soma hilo jina mpaka mwisho kabla uanze kulaumu thread. Ukiwa ndani ya Sacco, Queue ya plot inakuja kwanza, ukitaka ile ya nje kabisa unaandika `::Queue` na nukta mbili mbele. Hiyo inasema anzia juu, usiulize mtu yeyote hapa.

Ubaya wake ukiwa unatumia `require` za kawaida ni kwamba inategemea ni faili gani imeload kwanza. Kabla `Sacco::Queue` iwepo, `Queue` ndani ya Sacco inafika mpaka ya Ruby na inafanya kazi, faili ya pili ikiingia maana inabadilika chini ya miguu yako, mstari uleule. Kama erori inakuja ukiendesha testi zote lakini si ukiendesha moja, anza na swali hili. Date, Set, Time, File, Process, majina yote ya aina hiyo yako na huu mtego.

Upande wa pili wake: mradi wa zamani ukiandika `Sacco::Nissan::String` kwa klasi, Ruby ilikuwa inakupa String ya juu na onyo tu kwamba umefika nje. Hiyo iliondolewa Ruby 2.5, Desemba 2017, sasa ni NameError. Ukipandisha toleo na kuona NameError mpya zinatokea penye kulikuwa na onyo miaka yote, ndio hizo. Lakini `const_get` bado inaenda nje: `Sacco.const_get(:Date)` itakuletea Date ya Ruby kama Sacco haina yake. Kama jina linatoka kwa database au kwa fomu ya mtumiaji andika `Sacco.const_get(:Date, false)`, la sivyo siku moja mtu atakuletea jina ambalo hukutaka lifunguliwe.

Konstanti ndani ya bloku zinatorokea nje

Bloku haifungui mlango. `do` na `end` zinaonekana kama ukuta lakini kwa konstanti si ukuta.

```ruby
module Sacco
  Tiketi = Struct.new(:bei) do
    USHURU = 5
  end
end

Sacco::USHURU   # 5
```

USHURU umeenda kwa Sacco, si kwa Tiketi. `Class.new do` ni hivyohivyo, na `class_eval` yenye bloku pia, konstanti ndani yake zinatafutwa penye bloku iliandikwa, na ndio unapata ile erori isiyo na kitu mbele. `class_eval` ikipewa stringi badala ya bloku inabadilika na kufuata klasi, kwa hivyo mtu akibadilisha moja kuwa nyingine akidhani ni kusafisha tu anaweza kuvunja kitu.

Penye hii inauma sana ni RSpec, ile ya kuandikia testi za Ruby. Ukiandika `VITI = 5` ndani ya `describe`, umeiandika Object, dunia nzima inaiona. Faili nyingine ya testi ikiandika `VITI = 7` unaona `already initialized constant VITI` na mstari wa pili unaokuambia ya kwanza iliandikwa wapi. Hilo onyo watu huliruka, halafu testi zikiendeshwa kwa mpangilio wa kubahatisha zinapita leo na kuanguka kesho. Tumia `let`, au `stub_const` kama kweli lazima iwe konstanti. Ukitaka konstanti ikae ndani ya Struct, andika `class Tiketi < Struct.new(:bei)` au uifungue klasi tena kwa `class Tiketi` baada ya kuiunda.

Kwa Rails

Miaka ya nyuma hapa palikuwa na balaa. Mfumo wa zamani wa kuload faili wa Rails (fremu ya Ruby ya kujenga tovuti) ulikuwa unangoja `const_missing`, na hiyo ikiitwa haielezwi plot ilikuwa gani, kwa hivyo ilibidi ibahatishe, na jibu lilitegemea nini kilikuwa kimeload tayari. Zeitwerk, mfumo mpya wa kuload wa Xavier Noria, ikaja na Rails 6 mwaka 2019, inatumia `Module#autoload` ya Ruby yenyewe, na Rails 7 mwaka 2021 ikaondoa ule wa zamani kabisa. Kwa hivyo ukisoma ushauri wa zamani wa kuweka `require_dependency` kila mahali, uangalie ni wa mwaka gani.

Sai dalili ya kawaida ni laptopu iko sawa na prodaksheni inaanguka ikiwaka, juu kule faili zote zinaload mara moja na kwako zinaload ukizigusa. Endesha `bin/rails zeitwerk:check` kabla ya kudeploi. Ikisema `expected file ... to define constant MpesaApi, but didn't`, faili yako inaitwa `mpesa_api.rb` na ndani umeandika `MpesaAPI`. Badilisha jina la klasi au uweke API kwenye faili ya inflections.

Mwisho ni hizi mbili, `Sacco is not a module` na `superclass mismatch for class Sacco`. Uko na modeli `class Sacco < ApplicationRecord`, na mtu mwingine ameandika `module Sacco` au `class Sacco` tupu ndio aweke Risiti ndani yake. Yeyote akiload wa kwanza ndiye anaamua Sacco ni nini, wa pili anaweza kupigwa. Hapa, na ni hapa tu naikubali ile staili fupi, andika `class Sacco::Risiti`: hiyo inaiita Sacco badala ya kuiunda, Zeitwerk inaleta modeli halisi kwanza, na hakuna anayebishana. Ukumbuke tu konstanti za Sacco hazitaonekana humo ndani mpaka uandike `Sacco::` mbele yake.